Nambari ya tarakimu 617 haijavunjwa, na hakuna aliyethibitisha kwamba haivunjiki

Mwezi Mei 2025 mtafiti wa Google, Craig Gidney, alitoa hesabu zinazoonyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye kyubiti (vipande vyake vya kuhesabia) zisizofika milioni moja ingeweza kuvunja, yaani kuipatia vigawo vyake, nambari ya biti 2048, ile ya tarakimu 617, ya RSA, njia ya kufunga siri inayotumika kwenye benki na intaneti, kwa muda usiotimia wiki. Mwaka 2019 yeye na mwenzake Martin Ekerå walikuwa wamekadiria kyubiti milioni 20 kwa saa nane. Habari yote ndiyo hiyo: makadirio yameshuka. Mashine yenyewe haipo, na nambari bado iko nzima. Lakini ilipotufikia sisi wa Lamu, kwa zile sauti za WhatsApp zinazoruka kutoka kundi hadi kundi, habari ilikuwa imeshaota mkia: siri za benki zimefunguka, na mwenye akiba kwenye simu aitoe mapema. Nimeyasikia haya Mkunguni, kwa watu wenye akili zao timamu. Uvumi kama huo ulivuma pia Oktoba 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Shanghai walipotumia mashine ya kwantamu ya kampuni ya D-Wave kuvunja nambari ya biti 22, na vichwa vya habari vikatangaza kwamba usimbaji wa kijeshi, yaani ufichaji wa siri zake kwa hesabu, umeanguka. Nambari ya biti 22 haizidi 4,194,303. Ukitaka kuivunja kwa mkono, igawe kwa nambari tasa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) zilizo chini ya 2048. Ziko 309 tu. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye kikokotoo na subira ataimaliza kabla ya adhuhuri.

Kosa, kwa maoni yangu, haliko kwenye kuielewa kompyuta. Liko kwenye kuielewa nambari. Watu wanadhani nambari hii ni siri, au kwamba nguvu zake ni urefu wake. Siri siyo: imechapishwa, na yeyote anaweza kuinakili. Urefu peke yake nao si kitu. Nambari ya tarakimu milioni inayoishia na sifuri inagawanyika kwa 10 bila kuuliza. Usalama umekaa kwenye pengo kati ya kujua kwamba nambari inagawanyika na kujua inagawanywa na nini. Tumelizoea pengo hilo hata tukalidhania kuwa ni jambo la maumbile, ilhali hakuna mwanahisabati aliyewahi kuthibitisha kwamba lazima liwepo. Anayesema limeshazibwa anakosea. Anayesema halitazibika kamwe anakosea vilevile, na huyu wa pili ndiye ninayemhofia zaidi, kwa kuwa wa kwanza hukaa barazani na wa pili hukaa kwenye kamati za zabuni.

Tuitazame yenyewe. RSA-2048, kama inavyoitwa, huanza na 2519590847 na kuendelea hadi tarakimu ya 617. Kampuni ya RSA iliitoa hadharani kama shindano, ikaiwekea zawadi ya dola 200,000, na shindano likafungwa mwaka 2007 zawadi hiyo ikiwa haijachukuliwa na mtu. Tunajua ni zao la nambari tasa mbili, zenye tarakimu 309 kila moja. Kuivunja ni kuzipata hizo mbili. Tunajua pia, bila kulazimika kumwamini aliyeitunga, kwamba si tasa. Tunajuaje, ilhali hatujui kigawo chake hata kimoja? Hapa ndipo penye utamu. Mfaransa Pierre de Fermat alieleza mwaka 1640 kanuni ambayo, kwa nambari tasa yoyote ya witiri, huenda hivi: zidisha 2 kwa 2 mara kwa mara hadi ufikie kipeo kilicho pungufu kwa moja ya nambari yako, kisha gawa kwa nambari hiyo, baki ni 1 daima. Kwa 7 kipeo ni 6, unapata 64, na 64 ukigawa kwa 7 inabaki 1. Sasa jaribu 15: 2 kwa kipeo cha 14 ni 16,384, na ukigawa kwa 15 inabaki 4. Basi 15 si tasa. Umelijua hilo bila kuiona 3 wala 5. Simu ya kawaida ya mkononi inaweza kuifanyia RSA-2048 jaribio hilo kwa kufumba na kufumbua, na mwaka 2002 Wahindi watatu wa Kanpur, Agrawal, Kayal na Saxena, walithibitisha kwamba kutambua kama nambari ni tasa kunawezekana kila mara kwa njia ya haraka isiyotegemea bahati. Upande huo wa pengo umekwisha. Upande wa pili, wa kuvipata vigawo kwa kompyuta za kawaida, hakuna uthibitisho wowote wa aina hiyo, wala wa kusema kwamba njia ya haraka ipo wala wa kusema kwamba haipo.

Na hali hii haikuletwa na kompyuta. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1, si nambari tasa, lakini hakuweza kusema inagawanywa na nini. Hilo lilikaa miaka 27. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati mjini New York, Frank Nelson Cole aliwaonyesha wenzake 193,707,721 mara 761,838,257,287, na jibu likawa ndilo lile lile, 147,573,952,589,676,412,927. Inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu. Kuihakikisha kulihitaji dakika chache za kuzidisha ubaoni. Na wapo wanaosubiri hadi leo. Ile nambari ya Fermat ya 24, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 16,777,216 ukiongeza 1, ina tarakimu zaidi ya milioni tano. Mwaka 1999 ilithibitishwa kwamba si tasa. Kigawo chake hata kimoja hakijulikani. Mimi huona hili ni moja ya mambo ya ajabu kabisa katika hesabu: una hakika ya asilimia mia kwamba kitu kipo, na hakuna aliyewahi kukiona.

Ni rahisi basi kuelewa kwa nini watu wa usalama waliona hapa pana mahali pa kujenga. Lakini kabla hatujawasifu, tumsikilize William Stanley Jevons, Mwingereza, mtu wa mantiki na uchumi. Mwaka 1874 aliandika nambari 8,616,460,799 na kuuliza ni nambari zipi mbili zilizoizaa, akiongeza kwamba hadhani kuna mwingine atakayezijua isipokuwa yeye. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Vigawo vyake ni 89,681 na 96,079, na vilichapishwa kabla ya karne mpya kuzoeleka. Wengi huishia hapo, wakasema Jevons hakuona kompyuta zikija. Sivyo. Nambari yake ilikuwa ikivunjika kwa kalamu na karatasi siku ile ile aliyoiandika, kwa njia ambayo Fermat aliieleza zaidi ya miaka mia mbili kabla. Tafuta nambari ambayo kipeo chake cha pili, yaani ikizidishwa kwa yenyewe, kinazidi kidogo nambari ya Jevons. Ya kwanza ni 92,825. Toa nambari ya Jevons kwenye kipeo hicho, uone kama kilichobaki nacho ni kipeo cha pili kamili. Kama siyo, nenda 92,826, kisha 92,827. Ukifika 92,880, ambalo ni jaribio la 56, kinabaki 10,233,601, na hicho ni kipeo cha pili cha 3,199. Toa 3,199 kwenye 92,880 unapata kigawo kimoja; ijumlishe unapata cha pili. Kazi ya alasiri moja. Jevons alichagua vigawo vilivyokaribiana mno, na hakujua kwamba ukaribu huo ni udhaifu. Aliyemshinda alikuwa mtu aliyekufa mwaka 1665, wala si mashine ya kesho.

Wakubwa wa fani wenyewe waliteleza papo hapo. Mwaka 1977 nambari ya tarakimu 129 ilipochapishwa Marekani ikiwa na zawadi ya dola 100, Ron Rivest, mmoja wa watatu ambao herufi za majina yao ndizo RSA, alikadiria kwamba kuivunja kungehitaji miaka milioni bilioni 40. Ilivunjwa Aprili 1994, miaka 17 baadaye, na watu kama 600 walioungana kwa intaneti na kuchangia kompyuta zao. Kompyuta zilikuwa zimeongezeka kasi, ni kweli; lakini mbinu za kuvunja nazo zilikuwa zimebadilika kabisa, na makadirio ya 1977 yalipigwa kwa mbinu za 1977. Rekodi ya sasa kwa kompyuta za kawaida ni ya Februari 2020: nambari ya tarakimu 250, iliyohitaji kazi inayolingana na kiini kimoja cha kompyuta kukimbia miaka 2,700. Kutoka tarakimu 250 hadi 617 ni mbali sana. Sisemi ni karibu. Ninasema kwamba umbali huo umepimwa kwa njia tunazozijua.

Sasa tuje kwenye hoja zenyewe. Wanaosema tutulie wana hoja nzito, na nisingependa kuipunja. Mwaka 2001 kompyuta ya kwantamu iliivunja 15. Mwaka 2012 ikavunjwa 21. Baada ya robo karne ya matangazo hayo, mtu ana haki ya kuuliza shamrashamra zote hizi ni za nini. Kyubiti hukosea, hupoteza hali yake kwa mtikisiko au joto dogo, na kuzirekebisha makosa yake kunahitaji kyubiti nyingine nyingi za kusaidia. Haya yote ni kweli. Lakini kipimo cha 15 na 21 kinapotosha. Njia ambayo Peter Shor aliiandika mwaka 1994 haizidiwi na urefu wa nambari kama zinavyozidiwa njia za kawaida. Ukiongeza tarakimu, kazi inaongezeka kwa kiasi kinachovumilika. Kikwazo ni kurekebisha makosa, na kikwazo hicho kikiondoka, hakuna sababu ya mashine kukwama kwenye nambari ndogo. Na kuna jambo ambalo watu wa kutulia hulipita haraka: kushuka kutoka kyubiti milioni 20 hadi chini ya milioni moja hakukutokana na mashine mpya. Kumetokana na mtu kukaa na kupanga upya hesabu. Ni yale yale ya Jevons na Rivest.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo yenye wafuasi wengi huku kwetu, ni kwamba haya ni ya wakubwa wa ng'ambo, sisi watu wa visiwani hayatuhusu. Ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo tuikubali. Laini ya simu hujitambulisha kwa mtandao kwa ufunguo wa siri ulioko ndani ya kadi ya SIM na upande wa kampuni. Ufunguo huo hautegemei ugumu wa kuvunja nambari yoyote kubwa. Anayeibiwa pesa pale Usita wa Mui huibiwa kwa sababu alimtajia mtu PIN yake, au laini yake imehamishwa na tapeli. Hata Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipoelemewa na huduma kukwama nchi nzima, washambulizi hawakuvunja nambari yoyote. Waliufurika mfumo kwa maombi ya uongo hadi wenye haja za kweli wakakosa nafasi. Kwa hivyo anayetoa akiba yake leo kwa kuogopa kwantamu anajisumbua bure, tena anajiweka hatarini kwa kutembea na fedha mkononi. Hadi hapo tuko pamoja.

Tunapoachana ni hapa. Nambari inaweza kuanguka bila mashine ya kwantamu, kama ilitengenezwa vibaya. Chukua 8,051 na 8,633. Nambari mbili tofauti, kila moja ina vigawo viwili vya tasa, na kuzivunja moja moja kunahitaji kutafuta. Lakini ziweke pamoja. Toa ndogo kwenye kubwa: 582. Gawa 8,051 kwa 582, inabaki 485. Toa 485 kwenye 582: 97. Na 97 inaigawa 485 bila baki, basi ndiyo kigawo cha nambari zote mbili, na zote mbili zimevunjika kwa hatua tatu za hesabu aliyoiandika Euclid zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mwaka 2012 timu mbili za watafiti, moja ikiwa na Arjen Lenstra na nyingine ikiwa na Nadia Heninger, zilikusanya mamilioni ya nambari za hadharani kutoka kwenye intaneti na kuzifanyia hivyo hivyo. Timu ya Lenstra ilikuta kwamba karibu mbili katika kila elfu hazikuwa na ulinzi wowote. Nyingi za namna hiyo zilikuwa za ruta na vifaa vidogo vya mtandao, vilivyotengeneza nambari zao mara tu vilipowashwa, kabla havijapata chanzo cha kutosha cha bahati nasibu, yaani cha nambari zisizotabirika, hata vikaangukia nambari tasa zile zile. Ruta kama hizo ndizo zinazonunuliwa kwa bei nafuu na kufungwa kwenye ofisi zetu.

Kisha Estonia. Mwaka 2017 watafiti kutoka Czech waligundua kwamba chipu za kampuni ya Infineon, zilizokuwa ndani ya vitambulisho vya taifa vya nchi hiyo, zilichagua nambari tasa kwa mtindo uliowaachia wavunjaji alama. Nambari zilikuwa za biti 2048, sawa na nyingine zote. Kwa kuzitazama usingejua. Novemba mwaka huo serikali ilisimamisha vyeti vya kidijitali vya kadi zaidi ya 700,000. Kilichowaokoa ni kwamba kadi zilikuwa zimeandaliwa hivi kwamba mwenyewe angeweza kubadilisha funguo zake, yaani nambari hizo, akiwa nyumbani, bila kupewa kadi mpya. Kenya nayo imeanza kutoa kadi ya Maisha, yenye chipu. Swali la kumuuliza mhusika si kama chipu hiyo inatumia nambari ndefu. Ni kama funguo zake zinabadilika bila mwananchi wa Kizingitini au Faza kupanda boti kuja Mkomani kupanga foleni upya.

Kuna pia suala la muda, na hapa ndipo nambari inapogusa maisha ya watu hata kabla mashine haijaundwa. Anayenasa leo mawasiliano yaliyosimbwa anaweza kuyaweka ghalani akisubiri. Malipo ya samaki ya jana hayatamfaa mtu mwaka 2045. Faili la hospitali litamfaa. Bima ya afya ya SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024, husajili watu kwa mfumo wa kidijitali, na mtoto anayezaliwa leo katika hospitali ya King Fahd hapa Lamu ana haki, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ya kutarajia kwamba maradhi yake yatabaki siri yake hadi uzeeni. Kuhusu ardhi hali ni tofauti kidogo. Rejista ya ardhi haihitaji kufichwa. Inahitaji sahihi isiyoghushika. Sahihi ya kidijitali inayotegemea nambari kama RSA-2048, siku nambari hiyo ikivunjika, inaweza kuigizwa na mtu akaweka tarehe ya nyuma, na hati ya uongo ikafanana na ya kweli kwa kila kitu. Katika kaunti ambayo migogoro ya mashamba hurithishwa kutoka kwa babu hadi mjukuu, sioni mtu anawezaje kusema hayatuhusu.

Dawa ipo, na imeanza kutumika. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya usimbaji na sahihi ambavyo havitegemei ugumu wa kuvunja nambari, na Novemba mwaka huo ikatoa rasimu inayopendekeza kwamba matumizi ya RSA ya biti 2048 yaanze kuachwa baada ya 2030 na yakatazwe baada ya 2035. Kivinjari cha Chrome kilishaanza mwaka 2024 kuchanganya njia mpya na ya zamani, kwa hivyo msomaji mwenye simu iliyosasishwa huenda anazitumia hesabu hizi bila kujua. Nazo, niseme wazi, hazijathibitishwa kuwa hazivunjiki. Zimesimama juu ya pengo jingine la aina ile ile, jipya zaidi. Vifaa vya kuhofia ni vile vinavyokaa muda mrefu bila kusasishwa: chipu za vitambulisho, mita, mitambo ya bandarini, kamera za ulinzi. Bandari ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021, na mitambo ya bandari haibadilishwi kila mwaka. Kitakachofungwa pale leo huenda bado kitakuwa kikifanya kazi mwaka 2035.

Kwa hiyo ninachokitaka kutoka kwa kaunti na kwa mashirika ya serikali yaliyoko hapa ni kitu kimoja kidogo chenye gharama. Kila zabuni ya mfumo au kifaa chenye usimbaji iwe na kifungu kinachomtaka muuzaji aonyeshe, kwa vitendo mbele ya kamati ya ukaguzi, jinsi funguo na njia ya usimbaji zitakavyobadilishwa kifaa kikiwa kazini, nani atalipia, na nambari tasa zinatengenezwa wapi na kwa chanzo gani cha bahati nasibu. Muuzaji atakayejibu kwamba nambari yake ni ndefu, kwa hiyo hakuna haja, asipewe kazi. Bei zitapanda kidogo, na wauzaji wawili watatu wa bei ya chini watajiondoa. Kamati iwaache waende.